Visu vyangu havikuvuka hata kizingiti cha nyumba ile

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ndefu huwa mnazipunguza lakini hii nakuomba usiipunguze sana maana nimeibeba moyoni karibu miaka miwili na sijapata pa kuisemea. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Dar, niko Magomeni, iwe harusi, maulidi, hitima, kipaimara, popote panapohitaji sufuria kubwa na kuni mimi napika. Kazi nilianza nikiwa na miaka 19 nikimsaidia marehemu mama yangu na sasa hivi nina wajukuu, kwa hiyo hiki ninachotaka kukiongelea nakijua kwa mikono yangu. Nataka kuongelea kisu, kisu cha zawadi.

Kuna hii imani kwamba ukimpa mtu kisu umekata urafiki, ukimpa ndugu umekata undugu, na ukimpa bibi harusi ndo basi tena umeikata ndoa. Wengine mnaiamini, wengine mnaisikia tu, mimi zamani nilikuwa naisikia tu. Sasa hivi imenikaa kama mwiba.

Nina shoga yangu, tumejuana tangu 1998, tumepika wote, tumelia wote, nilipofiwa na mume wangu yeye ndo alikuja na mkeka wake akalala kwangu mpaka arobaini ikaisha. Binti yake wa kwanza nilimuogesha mimi akiwa na siku tatu, ananiita mama mdogo mpaka leo. Mwaka juzi mwezi wa 12 huyu binti akafanyiwa kicheni pati, na mimi nikawaza nimpe nini mtoto niliyemlea, nikasema sitaki kumpa sufuria maana sufuria atapewa hamsini, nitampa kitu ambacho mwenyewe ningependa kupewa siku ile nilipoolewa nikakuta jikoni kuna kisu kimoja butu ambacho hata papai kilikuwa kinalikamua badala ya kulikata.

Nikaenda mtaa wa Gerezani kwa fundi mmoja mzee anayefua visu kwa springi za lori, nikamwambia nataka vitatu, kikubwa cha nyama, cha kati chembamba cha samaki, na kidogo cha vitunguu. Mipini akaniwekea ya mninga, imebanwa kwa ribiti za shaba, ukikishika kinakaa mkononi kama umezaliwa nacho. Makali nikamwambia aniachie mimi. Nikavinoa mwenyewe siku mbili nikitoka kazini, nimekaa kwenye kigoda na jiwe langu na kopo la maji, upande huu, upande huu, mpaka nikachukua nyanya iliyoiva sana nikakipitisha kile kidogo, kikaingia na kutoka nyanya haijatoa hata tone. Nikavifunga kwenye khanga mpya iliyoandikwa KIPENDACHO MOYO NI DAWA. Nilifurahi mwenyewe jamani, nilifurahi kuliko hata aliyekuwa anaolewa.

Siku ya shughuli ukafika muda wa zawadi, si mnajua inavyokuwa, meza kwa meza mnacheza mnakwenda mbele, zikapita microwave, brenda, masufuria, mazulia, saa za ukutani zikapita tatu, watu wanashangilia. Nikafika na mimi na khanga yangu. MC akafungua ili watu waone. Kabla sijasema neno, shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi akanyanyuka akachukua maiki, akauliza nani huyo kaleta visu, anataka kuikata ndoa ya mtoto wetu kabla haijafungwa? Muziki ukazimwa. Ukumbi mzima wanawake zaidi ya mia wananiangalia. Mama mmoja akavichukua kwa ncha za vidole viwili kama mtu anavyoshika panya aliyekufa, akanirudishia. Nikakaa navyo mapajani mpaka shughuli ikaisha, chakula sikula, na usiku nikapanda navyo bajaji nikarudi navyo nyumbani.

Nikamuangalia shoga yangu akaangalia pembeni. Nikasema sawa, ana wakwe leo, hawezi kusema kitu mbele ya wakwe.

Ndoa ikafungwa. Mwezi wa pili tu wa ndoa yule kijana akaanza kumpiga. Sisemi kwa kusikia, nilimuona mtoto na jicho limefumba, anasema kagonga mlango wa kabati, nikamwambia mwanangu mlango wa kabati hauachi alama za vidole shingoni. Mwezi wa nane akarudi kwao usiku wa manane miguu mitupu. Kikakaa kikao cha familia mbili, na hapo ndipo shangazi yuleyule alipovitaja visu vyangu. Akasema aliona tangu siku ile, ile zawadi ilikuja na nuksi. Watu wazima wakatikisa vichwa. Kikao kikahama kwa kijana kikahamia kwangu ambaye hata sikuwepo pale. Yule kijana hakuulizwa ule mkono wake unaruka kwa sababu gani. Na shoga yangu, mama mzazi wa mtoto, akakubali. Toka siku hiyo simu zangu hapokei.

Mhariri, naomba niliandike hili lionekane vizuri: vile visu havikuingia nyumba ile. Havikuvuka hata kizingiti. Vilirudi na mimi kwenye bajaji usiku uleule, na siku mtoto anapigwa vilikuwa juu ya kabati langu Magomeni, ndani ya khanga. Sasa kisu kilichopo Magomeni kinakataje ndoa iliyopo nyumba nyingine kabisa na mpigaji yupo, ana jina, ana mikono miwili?

Lakini sitaki mtu aseme naongea kwa hasira tu. Baada ya lile jambo nilianza kuuliza, nilimuuliza kila mtu, maana kweli nilitaka kujua kama nimekosea. Mimi mwenyewe nimelelewa na miko. Bibi yangu mzaa mama ni wa Pangani, kwake pilipili humpokezi mtu mkononi, unaiweka chini na yeye anaichukua, ukimpokeza mtagombana. Sindano usiku haiazimwi na wala haitajwi kwa jina. Chumvi usiku vilevile. Mkasi usiuchezeshe ukikata hewa. Na kisu hivyohivyo, unakiweka juu ya meza au chini, mwenzio anakiokota. Mpaka leo jikoni kwangu vijana wangu wote wanafanya hivyo na sijawahi kuwakataza.

Halafu bibi huyohuyo, mtoto akizaliwa ndani ya nyumba, anakwambia weka kisu kidogo chini ya mto wake, chuma kinafukuza shetani na mazimwi mpaka arobaini. Na huyu binti wa shoga yangu alipozaliwa, nani aliweka kisu chini ya mto wake? Ni mimi! Mama yake mwenyewe ndo aliniagiza, nikaenda jikoni nikachukua kisu cha kumenyea mihogo nikakifunga kitambaa nikakiweka, mtoto akalala juu yake siku arobaini. Kisu kilekile cha mkono wangu uleule kilikuwa kinamlinda. Alipofika miaka 23 wakasema kinamharibia. Hili nimelifikiria sana nikiwa nakoroga masufuria na sijapata mtu wa kunijibu.

Nikaenda kumuuliza sheikh wa msikiti wetu, mzee mmoja mpole sana. Akaniambia kwenye dini kuamini mikosi kumekatazwa, hiyo inaitwa tiara, zamani Waarabu walikuwa wanarusha ndege akienda kushoto wanaahirisha safari, Mtume (S.A.W) akalikataza. Na akanikumbusha hadithi ambayo hata watoto wa madrasa wanaijua, peaneni zawadi mtapendana. Lakini akaniambia kitu kingine ambacho sikuwa nakijua, kwamba Mtume pia amekataza mtu kumpokeza mwenzie upanga uliochomolewa kwenye ala. Unaona eeh. Sio kwa sababu ya nuksi, kwa sababu ya mkono wa mwenzio usikatike. Hapo nikamuelewa bibi yangu. Kwamba kuweka kisu mezani mwenzio akiokote mwenyewe kwenye mpini ni adabu, ni usalama, mimi nina kovu hapa kwenye kiganja la mwaka 2006 kijana alinipokeza kisu kwa upande wa makali kwenye jiko lenye moshi. Nadhani wazee walijua mtoto ukimwambia utakatika hasikii, ukimwambia tutagombana anasikia. Sheikh akaongeza kwamba hata kwenye kuchinja tumeamrishwa kunoa kisu ili mnyama asiteseke. Kisu kikali ni huruma, mimi hilo nimeliamini, anayejikata jikoni mara nyingi ni yule wa kisu butu maana anakandamiza na kinateleza.

Sasa kuna jambo nililisahau kabisa mpaka nilipokuwa natoka kwa sheikh ndo likanijia. Mwaka 2009 nilikuwa nampikia mama mmoja wa Kiingereza, Oysterbay, nilikaa kwake miaka mitatu. Alipokuwa anarudi kwao Uingereza akanipa kisu chake kizuri cha mpishi, halafu akanyoosha kiganja akaniambia nipe hela. Mi nikashtuka, nikasema huyu mama miaka mitatu sijamuona na uchoyo leo ananiuzia kisu? Akacheka akaniambia nipe yoyote, hata ndogo kabisa. Nikampa sarafu ya shilingi 50. Akaibusu akaiweka kwenye pochi. Akanieleza kwao ukimpa mtu kisu bure kinakata urafiki, kwa hiyo anayepewa anarudisha peni moja, sarafu yao ndogo kabisa, inakuwa kama kanunua, hakuna zawadi tena hakuna mkosi. Wengine wakitoa kisu wanakibandika kabisa peni pembeni ili anayepokea airudishe palepale asipate shida ya kutafuta. Yule mama tunaandikiana mpaka leo kila Krismasi, na kisu kile nilikitumia mpaka kikaisha kikawa kama kijiti.

Yaani wazungu tunaowaona wamesoma, wenye treni za chini ya ardhi, na wao wanaiogopa! Kumbe hii sio yetu peke yetu. Na tena kumbe wao wanaiogopa lakini wana njia ya kutokea. Hicho ndo kilichonigusa. Imani ipo, na dawa yake ipo palepale, shilingi 50, na watu wanabaki marafiki.

Nikawa namuuliza kila mwenye ndugu nje. Nikasoma simuni usiku usingizi ukinipaa. Japani nako wapo wanaosema kisu kinakata uhusiano, lakini wana sarafu yao ya yeni 5, kwa Kijapani inaitwa go-en, na neno hilo likitamkwa ni sawasawa na neno la mafungamano kati ya watu, kwa hiyo kuna wanaotoa kisu pamoja na hiyo sarafu, chuma kinakata, sarafu inaunga. Na wengine hukohuko wanaligeuza kabisa, wanasema kisu ni cha kukata njia mpya ya maisha, kwa hiyo kinafaa harusini. Kisu ni kilekile, kinachobadilika ni maneno ya anayekitoa na moyo wa anayepokea.

Mtoto wa dada yangu yuko Finland, kaoa huko, nikampigia kumuuliza kama wana hii kitu. Akaniambia mama mdogo huku ni kinyume kabisa, baba mkwe wangu siku aliyonikubali alinipa kisu, kinaitwa puukko, kipo kwenye ala ya ngozi unakivaa kiunoni ukienda msituni au kuvua. Kwao kukupa kisu ni kukwambia nakuamini. Akanitumia picha anacho mezani kwake. Kijana wetu wa Kisambaa kapewa kisu na mkwe wa kizungu na ndoa yake ina miaka tisa na watoto wawili.

Tena tusiende mbali. Zanzibar ni hapo tu boti masaa mawili. Bwana harusi wa kizamani Unguja, Lamu, Mombasa, alikuwa anavaaje? Kanzu, joho, kilemba, na jambia kiunoni. Siku ya ndoa! Jambia kiunoni ndo alikuwa anaingia nalo kwa mkewe na hakuna shangazi aliyechukua maiki. Na hiyo ina asili yake, Oman, maana Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kwenye miaka ya 1830 kwenda 1840 mavazi hayo yalizidi kushika. Wao wanaliita khanjar, ala yake imepinda kama herufi J, imenakshiwa kwa fedha, na wanaume wanalivaa harusini na Idi na kwenye shughuli za serikali. Lipo kwenye bendera yao tangu 1970, pale juu kwenye kona juu ya panga mbili. Baba anamkabidhi mwanae. Mwaka 2022 UNESCO wakaliingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika, yaani mila na ufundi. Nina binamu yangu Muscat, nikamuuliza ukipewa khanjar na mtu unaogopa atakukata? Alinyamaza kama vile hajanielewa swali. Akasema, dada, nikipewa khanjar nitalia kwa furaha.

Na kwetu bara je? Jamani mbona tunasahau haraka hivi. Unyamwezini na Usukumani zamani mahari ilikuwa majembe ya chuma, chuma cha kufuliwa na wahunzi, kijana anakwenda na majembe ukweni, wanahesabu, ndoa inakamilika. Upareni kule Ugweno walikuwa wanayeyusha chuma mpaka majirani zao Wachagga wanakifuata. Kwa hiyo mababu zetu ndoa zao zilifungwa kwa chuma chenye makali, hao tunaosema tunafuata mila zao. Sasa hii mila ya kwamba chuma kinakata ndoa tumeichukua lini na kwa nani? Mimi nadhani tumeikuta njiani, kidogo kutoka kwa Waingereza, kidogo kwa Wahindi, kidogo sinema, tukaichukua nusu. Tukachukua hofu, sarafu tukaiacha.

Na kama tunaamua kuogopa zawadi basi tuogope zote. Zile saa tatu za ukutani zilizoshangiliwa siku ile, kwa Wachina ni balaa kuliko kisu, maana kwa Kichina kusema unampa mtu saa kunafanana kabisa na kusema unamsindikiza marehemu kaburini. Mwaka 2015 mwezi wa kwanza waziri wa Uingereza, mama Susan Kramer, alikwenda Taiwan akampa meya wa Taipei, Ko Wen-je, saa ya mfukoni, meya akawaambia waandishi wa habari ataiuza kwa wanunua vyuma chakavu, ikawa habari dunia nzima na yule mama akaomba radhi. Alikuwa hajui. Ningemuona ningemkumbatia yule mama. Najua alivyojisikia, umechagua kitu kwa roho safi, umekifunga, umekipeleka kwa mikono miwili, halafu unaambiwa mbele za watu umeleta kifo.

Sisemi watu waache miko yao, la hasha, mimi pilipili bado naiweka chini. Ninachosema kama unaogopa kisu, una haki ya kuogopa, lakini mwite mwenye zawadi pembeni, mwambie dada kwetu tunaogopa hiki, chukua hii mia mbili tuwe tumenunua. Imeisha. Nyinyi MC na kamati za kicheni pati na makungwi mnaofundisha watoto wetu ukumbini mnaweza kulifanya hili kwa nusu dakika, mna maiki mikononi. Wekeni sarafu kwenye meza ya zawadi, akija mtu na kisu au mkasi mnamrudishia moja watu wapige vigelegele. Mnawafundisha kupika, kutandika kitanda, kuvumilia, hilo neno kuvumilia mnalisema sana. Mfundisheni na binti siku ya kwanza akipigwa aende kwa nani.

Maana hili ndo linaloniuma kuliko ile aibu yangu ya ukumbini. Aibu imeshapita. Lakini kikao cha watu wazima kumi na mbili kimekaa masaa manne kikaongelea visu vilivyo juu ya kabati langu na hakikuongelea jicho la mtoto. Kwa sababu kisu hakina mjomba wa kukitetea. Kisu hakikasiriki, hakidai mahari irudishwe, hakina ofisi wala gari. Ni rahisi sana kukilaumu kitu kisicho na mdomo, na aliyekileta ni mjane mpishi, naye ni rahisi. Yule kijana nasikia anatafuta mchumba mwingine sasa, na huko watamuombea dua aondokewe na nuksi ya visu vyangu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya Jumapili jioni, binti akaja kwangu peke yake. Amekonda lakini anacheka. Tukanywa chai, hatukuongea la maana, halafu akaniuliza mama mdogo vile visu bado unavyo? Nikashusha khanga juu ya kabati. Kile kikubwa kilikuwa kimeanza kutu kidogo kwenye shina maana sikuwahi kuvifungua tangu siku ile, nikakisugua kwa ndimu na jivu palepale. Akachukua kile cha vitunguu, akakipima kwenye kidole gumba kama nilivyomfundisha akiwa mdogo, akasema hiki. Anataka kujifunza kazi, atasimama na mimi masufuriani.

Nikamwambia hicho ni chako tangu siku ile, chukua. Akafungua pochi yake akatafuta akapata sarafu ya 200, ile ya simba, akaiweka mezani. Nikamwambia mwanangu mimi na wewe hatuhitaji hiyo. Akasema, "Najua mama mdogo. Ni ya mama. Akiniuliza nimepata wapi kisu nitamwambia nimenunua."

Mhariri, nilishindwa kusema kitu. Mtoto wa miaka 25 kaona njia ambayo sisi watu wazima wote ukumbini hatukuiona. Ile sarafu ipo kwenye kopo la chumvi jikoni kwangu, siitumii.

Anafanya kazi na mimi tangu hapo, vitunguu gunia zima anamaliza bila kulia, anakata wima kisha anageuza, mkono mwepesi. Mama yake anajua, kwa sababu kila Jumamosi anarudi kwao na chakula kwenye hotipoti na siku moja hotipoti ilirudi imeoshwa na ndani kuna maembe dodo manne. Maembe ya mti wa uani kwao, nayajua.

Shoga yangu, najua gazeti hili unasoma, huwa unaanzia nyuma kwenye michezo halafu unarudi mbele kwenye barua. Nimekula yale maembe. Visu viwili bado vipo, cha nyama na cha samaki, nimevipaka mafuta ya nazi visishike kutu tena. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuna harusi Kigogo, watu 300, pilau ya kilo 40 na samaki wa kupaka, na samaki unajua sijawahi kuwaweza kama wewe. Jiko la pili sijampa mtu. Njoo saa tisa usiku kama zamani, mlango wa nyuma utakuwa wazi, kisu cha samaki nitakiweka juu ya meza ukiokote mwenyewe kwenye mpini.

Mpishi wa shughuli,
Magomeni, Dar es Salaam